Kidole cha Mkamuaji

Uvimbe ulikuwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, karibu na kiungo cha kati, ukubwa wa punje ya mahindi, rangi ya zambarau iliyoiva. Kijana wetu wa kukamua alikuwa ameuficha kwa siku kadhaa kwa kukunja ngumi. Mama aliugundua asubuhi moja ya Julai, mwaka juzi, alipompa kikombe cha chai naye akakipokea kwa mkono wa kushoto. Kwa Mama, kitu hakipokewi kwa kushoto.

"Hebu nione huo mkono," akasema.

Jioni hiyo kijana aliondoka na begi lake moja na mshahara wa nusu mwezi. Niliyemlipa ni mimi. Nilisimama langoni nikimtazama akishuka kuelekea steji, nikajiona mwanamume aliyefanya jambo la maana. Nimeondoa uchafu zizini.

Kwetu ni Waithaka, upande wa Dagoretti, ambako Nairobi haijaamua bado kama ni mji au ni shamba. Ploti ni ile ya hamsini kwa mia. Mbele kuna nyumba ya Mama na vyumba vinne vya kupangisha, nyuma kuna zizi la ng'ombe watatu, na kando ya ukuta imepanda ghorofa ya watu wanaonunua maziwa yetu asubuhi na kulalamikia harufu yetu jioni. Watoto wa ghorofa hiyo wanajua maziwa hutoka kwenye ATM ya dukani, ile mashine unayoitilia pesa ikakupimia.

Ng'ombe walikuwa Madamu, Friesian mkubwa mwenye maringo, Kadogo, bintiye, na Mgeni, Ayrshire mwekundu tuliyemnunua mwezi Mei kutoka Kiambu kwa mtu aliyekuwa anapunguza mifugo. Tulimwita Mgeni siku ya kwanza kwa kukosa jina, na likamganda.

Halafu maji. Huwezi kusimulia ufugaji wa Nairobi ukaruka maji. Ya mfereji hutufikia siku mbili kwa wiki, juma jingine hayaji kabisa, na ya kuletwa na lori yana bei ya kukufanya umwonee ng'ombe wivu kwa kuyanywa bure. Kwa hiyo Mama alikuwa na sheria yake: kukamua ni ndoo moja ya maji ya vuguvugu na kitambaa kimoja. Kitambaa chenyewe kilikuwa nusu ya taulo la buluu nililoenda nalo shule ya bweni. Kilifuta kiwele cha Madamu, kikasuuzwa, kikafuta cha Kadogo, kikasuuzwa, kikafuta cha Mgeni, kikatundikwa kwenye msumari. Kijana aliwahi kuomba cha pili. Aliulizwa maji ya kukifulia atayatoa wapi.

Mambo yalianza kwa mateke. Madamu, ambaye kwa kawaida husimama kama bibi harusi akisukwa, akaanza kurusha mguu kila akiguswa chuchu.

"Mama, hii ng'ombe iko na vidonda kwa chuchu," kijana akasema.

Akapewa mafuta ya kukamulia apake. Akapaka, kutoka kopo lile lile la ng'ombe wote. Baada ya siku kama kumi robo ya nyuma kushoto ya kiwele cha Madamu ikavimba. Ukiigusa ilikuwa ya moto na ngumu kama embe bichi. Kijana akakamulia michirizi ya kwanza kwenye kifuniko cheusi cha ndoo ili tuone vizuri, na tukaona: mabonge meupe kama mala iliyokatika, yakielea kwenye maji ya manjano.

Ugonjwa wa kiwele kila mfugaji anaujua, au anadhani anaujua. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikasema "kiwele," na muuzaji akauliza swali moja tu: mirija mingapi? Ile mirija ya plastiki ya antibiotiki unayosukumia dawa ndani kupitia tundu la chuchu. Nikachukua mitatu. Uvimbe ukanywea, nikajisifu, na baada ya wiki ukarudi. Nikanunua ya kampuni nyingine, ya bei zaidi.

Hapa nikiri jambo lisilopendeza. Pakiti imeandikwa siku ambazo maziwa hayafai kunyweka wala kuuzwa. Mimi nikamwaga ya robo ile mgonjwa tu, nikahesabu kwamba robo tatu zilizobaki ni salama, kwa kuwa kiwele kimegawanyika mara nne na maziwa ya robo moja hayavuki kwenda nyingine. Hilo la kugawanyika ni kweli. Nilichosahau ni kwamba dawa hupita kwenye damu, na damu huzunguka kote. Aliyenifichua ni sufuria ya Mama. Huwa anatia kianzio kwenye maziwa yaliyobaki jioni, asubuhi yakawa yameganda mala. Safari hii yalikaa siku mbili jikoni bila kuganda, yana uvuguvugu na harufu ya kuchoka. Antibiotiki ilikuwa imewaua wale bakteria wema wa kugandisha. Na nusu ya maziwa hayo ilikuwa imeshapanda ghorofani kwa wateja.

Ndipo kikatokea kidole. Kila kitu kikapata maelezo kwa mpigo: mikono michafu, ugonjwa wa mkono, kiwele kibovu. Mama alisema hata chai asingemwachia tena kikombe. Nikalipa, lango likafungwa.

Siku tisa nilikamua mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukimbilia matatu ya mjini. Siku ya tisa Kadogo akanirushia teke. Nikawasha tochi ya simu. Vidonda vile vile.

Mkono tuliokuwa tumeufukuza haukuwepo Waithaka. Nikampigia daktari wa mifugo, jambo ambalo ningelifanya mwezi mmoja kabla kama si ubahili niliouita uzoefu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, gamboti za kijani, maneno machache. Nilimwelekeza kwenye robo iliyovimba. Hakuitazama. Alichuchumaa kwa Kadogo, akaomba tochi, akaisogeza chuchu upande huu na ule kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Njoo uone umbo," akaniambia.

Palikuwa na kigaga cha kahawia. Katikati kilikuwa kimeshabanduka na ngozi ya chini kupona. Kilichobaki ni ukingo, mviringo uliokosa kipande upande mmoja, kama nali ya farasi. Akainuka, akanawa, akauliza swali ambalo sikulitarajia:

"Kuna mtu wa hapa amepata uvimbe mkononi?"

Mama akatazama mfereji wa mkojo wa ng'ombe kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

Daktari akatueleza taratibu. Kuna kirusi kinachoshika chuchu za ng'ombe wa maziwa pande zote za dunia, ukoo wake ni wa ndui lakini si ndui ya ng'ombe yenyewe. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ndui bandia ya ng'ombe. Huanza na wekundu na maumivu, kikaja kigaga, kikabanduka baada ya wiki moja na ushei na kuacha ile nali. Hakiui. Hutembea polepole zizini kutoka chuchu hadi chuchu, kwa mikono, kwa mashine za kukamulia, kwa vitambaa. Mtu naye hushikwa, karibu kila mara mkononi: uvimbe mgumu wa wekundu au zambarau unaopona wenyewe baada ya wiki kadhaa. Na kinga anayobaki nayo ng'ombe ni ya muda mfupi, kwa hiyo anaweza kuugua tena na tena.

"Kwa hivyo kijana hakumpa ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe ndiye aliyempa kijana."

Kisha akaenda kwa Mgeni, ambaye hakuwa na kidonda chochote na ambaye hakuna aliyemwonyesha. Akapitisha kidole gumba kwenye chuchu ya mbele. Alama mbili za zamani, zimefifia, zina umbo lile lile. Mei nzima tulikuwa tumetazama pembe zake, meno yake, lita zake. Kumgeuza chuchu kabla ya kuhesabu pesa hakuna aliyekumbuka.

Nali za Mgeni hazitoshi kumtia hatiani mbele ya hakimu. Ila kilichokuwa kikisafiri kila alfajiri kutoka kiwele hadi kiwele nilikijua, kilikuwa kimening'inia kwenye msumari nyuma yangu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kwenye nusu ya taulo.

Nilikuwa bado na swali. Kama ni kirusi cha ngozi ya nje, robo ya Madamu imeoza vipi ndani?

Chuchu ina mlango. Ni mfereji mfupi, kama sentimita moja, na ncha yake imezungukwa na msuli unaoubana. Ndani umepakwa utando unaofanana na nta, unaonasa vijidudu kabla havijapanda juu. Ng'ombe akishakamuliwa, mlango huo hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi, ndiyo maana wakamuaji wazuri humwekea majani kihorini mara tu wamalizapo, asimame ale badala ya kulala kwenye samadi. Sasa weka kidonda kwenye ncha ya mlango huo. Kigaga kinazuia msuli kubana. Bakteria wa vidonda wanazaliana milimita chache kutoka tundu. Na kwa kuwa anaumia, ng'ombe anapiga teke, mkamuaji anaharakisha, maziwa yanabaki ndani, na maziwa yaliyobaki ni karamu. Kirusi kinafungua, kinaondoka zake. Ukija siku kumi baadaye na kipimo chako unamkuta aliyeingia baadaye, unamwandika yeye peke yake kwenye mashtaka.

Daktari alitoa kibao cha plastiki chenye visahani vinne, akakamulia kila chuchu ya Madamu kwenye kisahani chake, akatia dawa ya zambarau kiasi sawa na maziwa, akakizungusha mkononi. Visahani viwili vilibaki maji matupu. Cha tatu kikaanza kuvuta kidogo. Cha nne kikawa mlenda kabisa, unazunguka kama donge moja, ukikiinamisha unatoka wote kwa pamoja. Kipimo hicho kilitoka California mwaka 1957 na hakijabadilika sana: dawa ni aina ya sabuni, inapasua chembe nyeupe za damu zilizomo kwenye maziwa, na vinasaba vinavyomwagika ndivyo vinavyofanya ule ute. Robo yenye afya huwa na chini ya chembe 200,000 kwa mililita. Kile kisahani cha tatu ndicho kilichonitisha, maana robo yake haikuwa imevimba, maziwa yake yalikuwa meupe safi, na tulikuwa tukiyanywa.

Lakini kipimo kinakuonyesha tu kwamba askari wamejaa uwanjani. Wanapigana na nani, hakisemi. Alichukua maziwa kwenye kichupa yakaenda maabara Kabete, jibu likarudi *Staphylococcus aureus*, bakteria anayependa ngozi na vidonda vya chuchu. Huyu akishajichimbia ndani ya kiwele hujifungia kwenye vijipu vidogo ambako dawa haimfikii vizuri. Mirija yangu yote ilikuwa inapiga ukuta kwa nje.

Wiki hiyo nilisoma kuliko nilivyosoma chuoni. Kabete yenyewe ina historia kwenye mambo haya. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na watafiti wa maabara ile mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Naivasha, na kipo kirusi cha kondoo kinachobeba jina la Nairobi mpaka leo, heshima ambayo sijasikia gavana yeyote akiitaja. Kuhusu kiwele, watafiti wa Uholanzi walikusanya mwaka 2002 yote yaliyojulikana juu ya virusi na uvimbe wake. Kilichonishika ni hesabu moja: katika asilimia 20 hadi 35 ya ng'ombe wenye kiwele kinachoonekana kuugua, chanzo hakijulikani. Yaani katika kila watatu au watano, mmoja mirija inasukumwa gizani.

Njia za virusi ni nyingi kuliko ile ya mlango. Ugonjwa wa midomo na miguu, unaojulikana na kila mfugaji wa Kenya, huweka malengelenge kwenye chuchu pia, si ulimini na kwatoni peke yake, na kirusi chake kinaweza kuvimbisha kiwele kwa ndani. Upele wa ngozi ya ng'ombe, ulioingia Kenya mwaka 1957, huacha vinundu hadi kwenye chuchu. Virusi vya jamii ya herpesi vimepatikana ndani ya maziwa ya viwele vilivyovimba. Kuna vingine visivyogusa kiwele kabisa: kile cha kuhara huangusha kinga ya mwili, na bakteria ambaye ng'ombe angemshinda kwa siku mbili anapewa uraia.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ukisema kirusi ni chanzo cha ugonjwa wa kiwele ulionekana mtu wa vitabu. Mwezi Machi 2024 mjadala ukabadilika. Marekani, huko Texas na Kansas, ng'ombe walipunguza kula, maziwa yakashuka ghafla, na yaliyotoka yalikuwa mazito ya manjano kama dang'a, ilhali walikuwa wamezaa kitambo. Paka wa mashamba walioyanywa mabichi wakafa. Ilikuwa mafua ya ndege, H5N1, kirusi ambacho hakuna aliyekitafuta kwenye kiwele. Na kiweleni ndiko kilikojaa zaidi, kwa sababu tishu za maziwa zina vishikizo ambavyo kirusi hicho hujinasia. Kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, washukiwa wakubwa wakawa vifaa vya kukamulia. Wana mashine za mamilioni, sisi tuna nusu taulo. Kuyachemsha maziwa kunakimaliza, na hapo Mama, ambaye hajawahi kumruhusu mtu anywe maziwa mabichi nyumbani kwake, alinitazama kwa jicho la nilikwambia.

Alilopenda zaidi kati ya niliyomsomea ni la Edward Jenner. Mwaka 1796, Uingereza, Jenner alichukua usaha kwenye mkono wa mkamuaji, binti aliyeitwa Sarah Nelmes, aliyekuwa ameambukizwa ndui ya ng'ombe, akampandikizia mtoto wa miaka minane, na dunia ikapata chanjo ya ndui. Neno lenyewe la kizungu la chanjo limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe. Jenner huyo huyo aliandika kwamba chuchu za ng'ombe hupata pia vidonda vya bandia visivyomkinga mtu na ndui. Wao mkono wa mkamuaji uliwapa chanjo. Mama akanyamaza sana aliposikia hilo.

Mimi sina ugomvi na antibiotiki. Madamu angekuwa na bakteria peke yake zingemwokoa. Ugomvi wangu ni na dawa inayouzwa kabla ya swali kuulizwa, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa kaunta nikiona maswali yanachelewesha. Kirusi hakisikii antibiotiki hata ukimwaga ndoo. Kwa ndui bandia kazi yenyewe ni ya kuchosha tu: kulainisha vidonda, kuchovya chuchu kwenye dawa ya ayodini kila baada ya kukamua, na kutenganisha vitu.

Tulilikatakata lile taulo pamoja na shuka mbili, kila ng'ombe vitambaa vyake, vinachemshwa kwenye moto wa kuni. Mgeni anakamuliwa wa mwisho, na mikono inanawiwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe. Tangi la lita elfu tano limekula kodi ya vyumba viwili kwa miezi kadhaa. Kadogo alipona bila kiwele kuguswa. Robo ya tatu ya Madamu ilirudi sawa. Ile ya nyuma kushoto daktari alisema tuiache ikauke, na ikakauka. Ukimtazama kwa nyuma anaonekana ameegemea upande mmoja, kama mtu aliyebeba kiroba.

Ilinichukua wiki mbili nyingine kumpigia kijana. Alikuwa Limuru, amepata kazi kwa watu wenye ng'ombe kumi na wanne. Nikamwuliza kidole. Kimepona, akasema, kilikaa kama mwezi na nusu kikakauka, ingawa zahanati moja ilikuwa imempa vidonge vya siku saba.

"Na Madamu?" akauliza.

"Ana chuchu tatu."

Kimya. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini upande wake.

"Ile ya nyuma ya kushoto," akasema. Sikuwa nimemwambia ni ipi.

Nikamweleza yote: Mgeni, nali, kitambaa. Sikujua pa kumalizia, nikamalizia kwa kumwomba arudi, mshahara tutaongeza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akanyoosha mkono apewe simu. Alimwita mwanangu, akatoka nayo hadi zizini, na sikusikia walichosema. Aliporudi alinikabidhi simu ikiwa bado hewani.

"Kwanza nitumie ile nusu ya mshahara," kijana akaniambia. "Ya Julai."

Nikaituma hapo hapo. Kazi alikataa. Alisema Limuru kuna maji.